Ukurasa wa Mwisho wa Kipilipili

Watu wa mtaa wetu wana maneno. Wanasema wifi yangu ana bahati ya mtende: kazi yake ni kukaa kivulini na kuchora watoto wanaocheka, hana jua, hana foleni, hana bosi wa kumfokea. Jamani! Kama hujaingia ndani ya nyumba ya watu, waachie wenye nyumba waseme. Mimi naishi na wifi yangu tangu niolewe na kaka yake, kwa hiyo haya ninayoyasema si ya kuambiwa.

Chumba chake kiko mwisho wa nyumba. Kina kitanda, meza ya kuchorea na mlango mmoja, na mlango wenyewe unafungukia ofisini kwa mume wangu. Yaani akitaka hata kwenda msalani, sharti apite mbele ya meza ya kaka yake, na kaka yake sharti ainue kichwa amuulize, "Vipi, umemaliza?" Dirisha lipo, ila huwezi kuliona. Mume wangu ndiye anayeandika vitabu ambavyo wifi anavichorea picha, na ndiye anayevichapisha, na kila kiwanda cha uchapaji kinapoleta vipya vinakuja vimefungwa kamba, bunda juu ya bunda, na pa kuviweka hapana. Vilianzia chini ya kitanda, vikapanda ukutani, mwishowe vikaziba dirisha lote. Wifi anachora kwa taa mchana kweupe. Ukimwambia mume wangu atakujibu, "Vitatoka tu, mke wangu, wiki hii hii." Havitoki. Na vikitoka vichache, vinaingia vingine zaidi.

Ni vitabu vya picha vya watoto wadogo, wale wasiojua kusoma bado. Ndani yake kuna mtoto mmoja anaitwa Kipilipili, kwa sababu ya nywele zake. Katika kitabu kimoja Kipilipili anaogopa giza, katika kingine paka wake amekufa, katika kingine hataki kumpa mwenzake mpira. Anateseka kurasa kadhaa, anajifunza jambo, na ukurasa wa mwisho anatabasamu. Watoto wanampenda kufa. Wapo wazazi walioniambia kwamba tangu wawe na kitabu cha giza, wanalala usingizi wao bila mtu mdogo kuwapanda kichwani.

Sasa wifi hachori uso wa kubuni. Ana kioo kidogo cha mkononi, amekiegemeza kwenye kopo la brashi. Akitaka kumchora Kipilipili mwenye hasira, anakasirika yeye kwanza mbele ya kioo, kisha anachora anachokiona. Ukipita pale ukamkuta ametoa macho na kubinua midomo, usikimbie kuita watu, yuko kazini. Siku ya kitabu cha paka alilia asubuhi nzima, machozi ya kweli, na mchana akala vizuri kama kawaida.

Na mume wangu ndiye Mjomba Hisia. Hilo ndilo jina alilopewa na watoto wa shule zote za hapa. Anaingia darasani na kofia yake nyekundu, anapiga makofi, anasema, "Watoto, hisia tunazifanyaje?" Nao wanaitikia, "Tunazisemaaa!" Ni mtu mzuri, sitamsingizia. Halewi, hapigi kelele, hajawahi kuninyanyulia mkono. Kasoro yake ni moja tu: ukimwambia unachohisi, anakusahihisha. "Mume wangu, leo nimekasirika." "Hapana, mke wangu, hujakasirika. Una njaa." "Nina huzuni." "Hiyo si huzuni, ni uchovu, nenda kalale kidogo." Anayasema kwa upole, huku amekushika bega, mpaka unatamani angetukana ili na wewe upate pa kuanzia. Unabaki umemeza maneno yako.

Wifi yangu amemezeshwa namna hiyo tangu utotoni. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi, na kaka ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia hizo rangi za kwanza. Jambo hilo halisahauliki nyumbani kwetu. Mume wangu hata halitaji, na kwa vile halitaji, ndivyo linavyozidi kukaa pale mezani na sisi kila tunapokula.

Basi siku moja nikiwa jikoni namenya viazi, wifi akaja amefumba kiganja kama aliyeokota kitu cha thamani. Chuo cha ualimu cha mji mwingine kilikuwa kinamtaka. Mkuu wa chuo aliviona vitabu vya Kipilipili, akataka mchoraji wake aende akawafundishe walimu wa chekechea kuchora. Angepewa mshahara na chumba chake peke yake.

"Kina madirisha mawili, wifi," akaninong'oneza. "Mawili! Na mlango unafungukia uani."

"Hongera, wifi yangu," nikamwambia, na nikaendelea kumenya. Viazi vile nilivimenya mpaka vikabaki kama kokwa, sijui mawazo yangu yalikuwa wapi.

Akamwambia kaka yake siku hiyo hiyo tukiwa mezani. Mume wangu akaweka kijiko chini, akamtazama kwa huruma.

"Hapana, mdogo wangu. Hutaki kuondoka. Umechoshwa na hiki kitabu tu."

"Nataka kuondoka, kaka."

"Basi tufanye hivi. Kimalize. Kikipita majaribio, nenda na baraka zangu zote. Nimewahi kukudanganya?"

Hajawahi, na hapo ndipo alipomfunga. Angekuwa mwongo tungejua la kufanya naye. Wifi akafurahi, akanikonyeza. Chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi uliofuata, na kitabu kilikuwa kimebaki ukurasa mmoja.

Majaribio ni hivi. Kitabu hakiendi kiwandani kabla picha zake hazijaonyeshwa kwa watoto, na watoto wenyewe ni wa darasa langu, kwa maana mimi ni mwalimu wa chekechea. Mume wangu anaziba maneno kwa kipande cha karatasi, anainua picha, anauliza, "Mtoto huyu anahisi nini?" Wengi wakijibu sawa, ukurasa umepita. Wakikosea, picha inarudi kuchorwa upya. Ni utaratibu mzuri, nausifu. Shida ni kwamba mume wangu alikuwa anakuja saa ile ile ya mapumziko, kwa sababu ndipo nafasi yake ilipo, na watoto wanakaa wamekunja mikono huku wanasikia madarasa mengine yanarukaruka uani.

Kitabu kilikuwa cha hasira. Kipilipili amegombana na mama yake, amevunja kikombe, amejifungia, amefikiri, ametoka kuomba msamaha. Picha za hasira zilipita palepale. Ya kujifungia ilipita, na mtoto mmoja akaongeza kwamba hata yeye hujifungia hivyo hivyo, ila kwao mlango hauna kitasa. Ukabaki ukurasa wa mwisho: mama amempakata Kipilipili, amemkumbatia, wote wanatabasamu. Jibu lilikuwa "anafurahi." Hata kichaa angelijua.

"Mtoto huyu anahisi nini?" akauliza Mjomba Hisia.

Wakainamisha vichwa, wakatazama.

"Anataka kulia," akasema mmoja.

"Tumbo linamuuma."

"Anabanwa na mkojo!" akapiga kelele mwingine, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, nikajifanya nakohoa.

Mume wangu hakucheka. Akarudi nyumbani, akauweka ukurasa mbele ya dada yake. "Tabasamu halijakaa sawa, mdogo wangu. Fungua macho kidogo." Wifi akafungua macho. Safari ya pili watoto wakasema Kipilipili anaogopa. "Punguza macho, inua mashavu." Akainua mashavu. Safari ya tatu wakasema jino linamsumbua. Akabadilisha rangi ya gauni, akamsogeza mama, akaongeza dirisha nyuma yao, akaliondoa. Loo! Nimeona fundi akirudia ukuta, nimeona mshonaji akifumua suruali, lakini mtu kurudia tabasamu lile lile mchana na jioni, hilo sikuwahi kuliona.

Na kadiri siku zilivyokwenda, ndivyo alivyozidi kulitaka litoke, na kadiri alivyolitaka, ndivyo lilivyozidi kuharibika. Nikipita mlangoni namwona amekikodolea macho kioo, amenyanyua pembe za mdomo kwa vidole viwili, anazishikilia hapo, anachora kwa mkono mwingine. Katikati ya hayo yote yakaja mabunda mapya kutoka kiwandani, chapa ya pili ya kitabu cha giza. Wabebaji wakauliza waweke wapi. Mume wangu akawaonyesha. Sasa ili wifi akae mezani, ilibidi aingie ubavu ubavu na kuvuta tumbo ndani.

Nikasema haiwezekani. Nikaenda nikakaa kitandani kwake, nikaanza vituko. Nikamwigiza yule mama jirani anayegombana na kuku wake. Nikamwigiza kaka yake akivaa kofia nyekundu mbele ya kioo anafikiri hakuna anayemwona. Wifi alicheka! Alicheka mpaka akaanguka juu ya mabunda, mpaka akashika mbavu. "Chora sasa! Chora upesi!" nikamhimiza. Akajivuta, akageukia kioo, na hapo hapo nikaliona tabasamu linakauka usoni kwake. Akashika penseli, hakuchora kitu.

"Nimebanwa, wifi," akasema. "Nikijitazama tu, naona. Nitacheka vipi na mimi najua kwamba nacheka ili nifunguliwe?"

Nikamfuta rangi iliyokuwa shavuni, nikarudi jikoni nikiwa na uchungu, na uchungu huo ulikuwa uchungu kweli, si njaa.

Chuo kikapiga simu. Kikapiga tena. Mkuu wa chuo akasema kwa adabu kwamba wanafunzi wameshaingia na wao wanaweza kusubiri kidogo tu. Siku ile wifi hakugusa penseli. Alilala chali, anatazama dari, na mume wangu alipouliza, "Vipi, umemaliza?" akanyoosha mkono, akachukua karatasi moja kutoka kwenye rundo la zilizokataliwa, akampa. Ilikuwa ile ya kwanza kabisa, ile ya mkojo. Mume wangu hakuitambua, kwa jinsi alivyokuwa ameziona nyingi. Akaitia kwenye mfuko wake, akaja nayo darasani kesho yake.

Nilikuwepo. Uani madarasa mengine yalikuwa yanacheza mpira, vumbi linaingia hadi dirishani kwetu. Watoto wangu walipoiona ile kofia nyekundu inaingia, walishusha pumzi zote kwa pamoja. Mume wangu akapiga makofi yake, akatoa karatasi. Haki ya Mungu, hata hajaigeuza, bado wanaona mgongo mweupe wa karatasi, wakapasua:

"ANAFURAHIII!"

"Nani?" akauliza, ameduwaa.

"Kipilipiliii!"

Akaigeuza. "Mtoto huyu?"

"Anafurahi! Anafurahi, Mjomba! Anafurahi sana!" Na wa mbele walikuwa wameshasimama, miguu imeelekea mlangoni.

Mume wangu alifurahi karibu atokwe na machozi. Akawaruhusu, wakatoka mbio kama maji yaliyofunguliwa bomba. Akanigeukia akasema, "Unaona, mke wangu? Kazi nzuri haikimbizwi." Mimi nikafunga mdomo. Nilijiambia, acha ipite kwa njia yoyote, mradi wifi aondoke. Njiani nilikuwa nahesabu nguo zake kichwani, ipi ipigwe pasi, ipi iwekwe chini ya sanduku.

Jioni mezani mume wangu akasimama kabisa kutangaza. Kimepita. Kesho kinakwenda kiwandani. Wifi akainua uso, akaniangalia mimi, akamwangalia kaka yake.

"Kwa hiyo naweza kwenda, kaka?"

"Utakwenda! Nani kasema huendi?" Akaketi, akamsogelea. "Ila sikiliza, mdogo wangu. Sasa ndipo mkono wako umefunguka. Ni dhambi kuuacha ulale. Nimeshaandika kingine kimoja, kifupi tu. Chora hicho, halafu uende. Ni kuhusu subira."

Subira! Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Kijiko kilinidondoka. Wifi hakudondosha kitu. Alikunja mikono yake mapajani, akasema alichokuwa akisema maisha yake yote:

"Sawa, kaka."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi, kaka."

Na akatabasamu. Mume wangu akampapasa kichwa, akaendelea kula. Mimi nilishindwa kula, hasira imenijaa hadi kwenye meno, na sikuisema.

Asubuhi yake wifi akaja shuleni. Haikuwa kawaida yake, si mtu wa kutoka. Amevaa nguo zake za nyumbani, ana mkoba mdogo na ule ukurasa wa mwisho, ameuchomoa mezani kwa kaka yake na kuukunja. Akaniomba awaulize watoto mwenyewe. "Nataka kujua ilipitaje, wifi. Ni ile ile ya kwanza. Sikuongeza hata nukta."

Kengele ikalia. Akafanya jambo ambalo mume wangu hakuwahi kulifanya: akawaambia watoto watoke kwanza wakacheze. Wakatoka wote isipokuwa binti wa fundi viatu, mtoto wa taratibu yule, ambaye, ajabu ya dunia, kila siku yeye ndiye anayehangaika na kamba za viatu. Wifi akachuchumaa, akamfunga kamba, kisha akafungua ukurasa sakafuni.

"Mtoto huyu anahisi nini?"

"Anafurahi," akajibu mara moja, macho yako mlangoni.

"Si lazima ujibu. Unaweza kwenda tu kucheza."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Yule mtoto akatazama mlango, akatazama picha. "Jana tulisema anafurahi ili tutoke," akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake asiyejua mambo. Kisha akainama karibu na karatasi, akaweka kidole kwenye mikono ya mama wa Kipilipili. "Huyu hafurahi. Anabanwa."

"Na mkojo?" nikadakia.

"Hapana, Mwalimu! Anabanwa na mama yake. Mama yake anampenda, lakini amempakata muda mreeefu. Anataka ashushwe."

Wifi akakaa chini kabisa sakafuni. "Sasa kwa nini hasemi?"

Mtoto akafikiri. "Akisema, mama yake atasikitika," akasema. Halafu akasikia mpira unapigwa nje, akatoka.

Tulibaki wawili darasani. Nilidhani wifi atalia, nikawa tayari na kitambaa. Hakulia. Alikunja ukurasa, akanipa mimi, akatoa simu mkobani, akapiga nyumbani. Nilisikia upande wake tu.

"Kaka, naondoka. Leo. Kutoka hapa shuleni." Akasikiliza. "Hapana, kaka, sijachoka." Akasikiliza tena. "Nimekula, kaka. Nimeshiba kabisa." Machozi sasa yalikuwa yanamtoka, lakini aliendelea. "Najua ulinilea. Nakupenda na nakushukuru, na naondoka. Hapana. Hapana, kaka. Hicho ninachohisi mimi ndiye ninayekijua."

Akakata. Akafuta uso kwa kiganja, akaniuliza kama gari la kwenda mji ule huwa lipo mchana. Nikamwambia lipo. Nikamuuliza nguo zake. Akasema nitamtumia. Tulikumbatiana, na mimi ndiye niliyemwachia kwanza, upesi, kwa sababu ya maneno ya yule mtoto. Akapita katikati ya watoto waliokuwa wanacheza uani, akatoka getini.

Nilirudi nyumbani jua halijazama bado. Mume wangu alikuwa ameketi ofisini, kofia yake iko mezani, anautazama mlango wa chumba cha dada yake ulioachwa wazi. Ndani taa bado inawaka na mabunda yamejaa. Nikamsalimia. Nikavua viatu. Alionekana mzee, nikamhurumia, ni mume wangu.

"Nimekosea wapi?" akaniuliza.

Akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaniuliza swali ambalo kwa miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akiwauliza watoto wa watu.

"Na wewe? Wewe unahisi nini?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni kabla sijayapanga.

"Namwonea wivu," nikasema.